Daraja la Meno Huanguka kwa Nguzo Zake

Ndugu msomaji, nianze na jambo lililotokea mwaka juzi hapa Tabora, wakati maembe yameiva na kila nyumba ina ndoo yake. Tulikuwa akina mama kama kumi na wawili, tumeketi chini ya mwembe baada ya mazoezi ya kwaya. Tulikula, tukacheka, tukataniana. Mara mama mmoja, aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi, akanyamaza. Akavuta pindo la khanga yake, akaziba mdomo, akainuka na kwenda zake bila kuaga.

Jioni alipiga hodi kwangu.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia huku nikimkaribisha ndani.

"Marahaba, sista. Uko peke yako?"

Nilipomhakikishia kuwa hakuna mtu mwingine, alifungua fundo la khanga akatoa leso. Ndani yake palikuwa na meno matatu yaliyoungana, meupe na mazuri kabisa. Lakini ndani ya jino moja la pembeni palikuwa na kipande cheusi, laini kama mti uliooza. Kipande hicho kilikuwa ni jino lake mwenyewe. Lilikuwa limeoza taratibu chini ya kifuniko chake, hata likakatika alipouma embe.

"Binti yangu alinilipia Dar es Salaam, miaka minne tu iliyopita," alisema. "Alidunduliza sana yule mtoto. Mimi nikajua meno ya bandia hayaozi. Sasa nitamwambia nini?"

Nilikosa la kujibu kwa haraka, kwa maana nami nilikuwa na swali langu moyoni. Mimi ni muuguzi. Kwa miaka hiyo minne niliketi naye benchi moja karibu kila Jumapili, wala sikujua kuwa ana daraja. Yeye aliona haya kusema, nami sikuwahi kuwafundisha akina mama jambo lolote juu ya meno ya namna hiyo. Makala haya ni deni ninalolipa.

DARAJA LA MENO NI NINI?

Wanaosafiri kutoka Tabora kwenda Kigoma wanalifahamu daraja la Kikwete kwenye mto Malagarasi. Zamani misafara iliyokwenda Ujiji ilivushwa hapo kwa mitumbwi, na wenyeji wa Uvinza wakatoza hongo. Leo gari hupita juu bila shida. Abiria huiona barabara iliyo juu, lakini mhandisi anayelikagua daraja hutaka kujua habari za nguzo kule chini majini.

Daraja la meno nalo ni hivyo. Mtu aliyeng'oka jino hubaki na pengo. Daktari huyachonga meno mawili yaliyo pande zote za pengo hilo yawe madogo, kisha huyavika vifuniko vigumu. Kati ya vifuniko hivyo kuna jino la bandia lililoungana navyo, nalo hukaa juu ya pengo. Vyote hugandishwa kwa saruji maalumu ya meno, hivyo mwenye daraja halivui nyumbani kama anavyovua meno ya bandia ya kawaida.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ni kweli kwamba jino la bandia lenyewe haliozi. Lakini yale mawili yaliyochongwa ni meno yako ya kuzaliwa, yenye mizizi ndani ya mfupa. Ukingo wa kifuniko hukutana na jino karibu kabisa na ufizi. Mabaki ya chakula yakikaa hapo, vijidudu hujenga utando laini, hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo hutoboa jino pale ukingoni, kisha uozo huingia ndani ya kifuniko usikoweza kuuona.

Tena kuna jambo la hatari zaidi. Kama jino hilo lilitibiwa mzizi na mshipa wake wa fahamu ukaondolewa, huenda lisiume hata kidogo wakati linapooza. Mama huyu hakusikia maumivu hata siku moja. Alisikia harufu tu, akadhani ni tumbo.

Pamoja na kuoza kuna ugonjwa wa fizi. Utando usiposafishwa hugeuka kuwa ugaga mgumu. Fizi huvimba na kutoa damu, na baadaye mfupa unaoshika jino hulika. Jino zima lisilo na tobo lolote huanza kucheza, na daraja hucheza pamoja nalo.

SOMO LA ZAMANI KWENYE NJIA YA MISAFARA

Sisi watu wa Tabora tuna sababu yetu ya kuyafikiria meno. Kule Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini, lipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, baada ya Stanley kumkuta Ujiji mwezi Novemba 1871. Watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Tunawasimulia habari za safari zake, lakini ni nadra kuwaambia habari za kinywa chake. Katika barua kwa binti yake Agnes, mzee huyo alieleza kuwa meno yake yalivunjika na kulegea kwa kutafuna mahindi na vyakula vingine vigumu njiani, na kwamba jino la mbele lilikuwa limekwisha kutoka. Alikiri kuwa kinywa chake kilikuwa kimeharibika vibaya. Basi, pengo si la mama zetu peke yao.

Wakati huohuo, mbele ya matembe hayo wapagazi wa Kinyamwezi walipita wakielekea Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Nyingi zilikwenda kutengenezewa vitufe vya piano, vitana na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Lakini pembe za ndovu na meno ya kiboko vilikuwa na kazi nyingine pia. Katika miaka ya 1700 na mwanzoni mwa miaka ya 1800, matajiri wa nchi hizo walichongewa meno ya bandia kwa vitu hivyo. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa na meno ya bandia yaliyotengenezwa kwa jino la kiboko pamoja na meno ya binadamu.

Meno hayo yaligharimu fedha nyingi, lakini kinywani yaliingia madoa, yakalika na kunuka vibaya. Hata fedha za matajiri hazikuyaponya. Siku hizi vifaa ni bora mno, kwani madaraja hutengenezwa kwa madini na kauri ngumu. Hata hivyo sheria ya kinywa haijabadilika: kitu chochote unachokiweka humo, bandia au cha asili, kitashikwa na utando kisiposafishwa.

KAZI YA KILA USIKU

Akina mama wapendwa, kusafisha daraja kunachukua dakika chache tu, karibu sawa na muda wa kuosha vikombe vya chai. Tufuate hatua hizi.

Kwanza, nawa mikono, kisha simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha.

Pili, safisha chini ya daraja. Brashi ya kawaida haifiki pale, kwa hiyo unahitaji uzi wa meno. Upo uzi uliotengenezwa kwa ajili ya madaraja: ncha yake ni ngumu, na sehemu ya katikati ni nene na laini kama sufi. Kama umepata uzi wa kawaida, utahitaji kitanzi cha plastiki kinachotumika kama sindano butu ya kuupitishia. Kata uzi wenye urefu kama wa mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Ingiza ncha ngumu kutoka upande wa shavu, kati ya jino la bandia na jino nguzo, mpaka itokee upande wa ulimi. Vuta taratibu mpaka uzi uwe chini ya daraja.

Tatu, shika uzi pande zote mbili na uupeleke mbele na nyuma chini ya jino la bandia, kama mtu anayepangusa chini ya meza kwa kitambaa. Kisha uzungushie ubavuni mwa jino nguzo la kwanza, uupandishe na kuushusha taratibu hadi kwenye ukingo wa ufizi. Fanya hivyo na kwa jino nguzo la pili. Ukimaliza, achia ncha moja na kuutoa uzi kwa ubavu. Usiukwanyue kuelekea juu wala chini, maana unaweza kulilegeza daraja.

Nne, palipo na nafasi ya kutosha, tumia brashi ndogo za katikati ya meno, zile zinazofanana na brashi ya kusafishia chupa. Zina ukubwa mbalimbali, na daktari wa meno atakuonyesha inayokufaa. Ipite kwa urahisi, ikikataa, usiilazimishe. Ioshe baada ya kuitumia, na itupe nywele zake zinapochakaa.

Tano, piga mswaki meno yote kwa dakika mbili. Tumia mswaki laini na dawa yenye madini ya floraidi. Ulaze mswaki kidogo uelekee kwenye ufizi, hasa pale kifuniko kinapoishia, usogeze kwa mizunguko midogo bila kukandamiza. Ukimaliza, tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Baada ya hapo usile kitu mpaka asubuhi. Asubuhi piga mswaki tena.

Siku za kwanza fizi zinaweza kutoa damu kidogo unapopitisha uzi. Wengi hutishika wakaacha. Usiache. Mara nyingi damu hiyo ni dalili kwamba fizi zilikuwa zimevimba kwa uchafu, na ukiendelea kwa upole itapungua. Ikiwa imepita wiki mbili na damu bado inatoka, nenda ukachunguzwe.

Wapo watakaouliza juu ya mswaki wa mti waliourithi kwa bibi zao. Mswaki wa mti uliotafunwa vizuri husafisha sehemu za nje za meno, wala siudharau. Lakini hauwezi kuingia chini ya daraja. Ukipenda utumie mchana, kisha usiku fanya kazi ya uzi na dawa yenye floraidi.

Mambo ya kuepuka ni haya. Usichokoe chini ya daraja kwa pini, sindano ya kushonea, njiti ya kiberiti au ubua wa ufagio. Usitumie uzi wa cherehani, kwani ni mwembamba na hukata ufizi. Usisugue kwa mkaa, majivu au mchanga, maana hukwaruza vifuniko na kula meno pale fizi zinapoanzia.

Kuhusu vifaa, najua kwamba uzi wa madaraja haupatikani katika kila duka la dawa mikoani. Siku unayowekewa daraja, usiondoke kabla ya kumwomba daktari akuonyeshe uzi, akufundishe kuupitisha, nawe ufanye mwenyewe mbele yake. Nunua akiba. Na akitokea mtu anayesafiri kwenda Mwanza au Dar es Salaam, mwagize uzi kama unavyomwagiza kitenge.

CHAKULA NA MAZOEA YA NYUMBANI

Ganzi ikiwa bado ipo siku ya kuwekewa, usitafune kitu, usije ukauma ulimi au shavu. Kwa siku chache jino linaweza kusisimka kwa maji baridi. Lakini ukiona kuwa daraja linagusana na meno mengine kabla ya kufunga kinywa sawasawa, rudi kwa daktari mapema, alipunguze. Usisubiri "kulizoea".

Baadaye utakula karibu kila kitu, ila kwa busara. Usiumie upande wa daraja vitu vigumu kama mifupa, muwa, bisi zisizopasuka na mahindi ya kuchoma yaliyokauka. Yakumbuke mahindi ya Livingstone! Muwa unaweza kukatwa vipande vidogo, na mahindi yakapukuchuliwa kwanza.

Maembe yetu ya asili yana nyuzi nyingi, nazo hupenda sana kujificha chini ya daraja. Kata embe kwa kisu badala ya kuguguna kokwa, na usiku huo usisahau uzi wa meno. Matobolwa yananata kwenye meno kwa muda mrefu. Asali yetu ya Tabora ni chakula kizuri, lakini kwa meno ni sukari kama sukari nyingine. Ule vitu hivi pamoja na mlo, kisha unywe maji. Kinachoharibu zaidi ni kuonja kidogo kidogo kutwa nzima, pamoja na soda na chai yenye sukari nyingi.

Mazoea mengine tunayafanya bila kufikiri. Tunakata uzi kwa meno tunaposhona, tunafungua soda kwa meno, tunafungua fundo la mfuko wa nailoni kwa meno. Mwenye daraja aweke mkasi karibu na cherehani yake. Na kama mumeo anakuambia kuwa husaga meno usingizini, mweleze daktari.

Wenye kisukari wawe waangalifu zaidi, kwani ugonjwa wa fizi huwapata kwa urahisi, nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Wajawazito pia fizi zao huvimba upesi. Hawa wasipunguze kusafisha, bali wazidishe upole na uangalifu.

DALILI ZA KWENDA HOSPITALI

Hata kama huna shida yoyote, ni vizuri daktari alitazame daraja kila baada ya miezi sita au kama atakavyokupangia. Likitunzwa vizuri linaweza kukaa miaka 10 na zaidi. Lakini usingoje tarehe ya miadi ukiona mojawapo ya mambo haya: daraja linacheza, kuna harufu au ladha mbaya isiyokwisha hata baada ya kusafisha, fizi zimevimba au zinatoa usaha, jino linauma unapotafuna, au chakula kinaingia mahali ambapo zamani hakikuwa kinaingia.

Ikiwa uso au shingo imevimba, una homa, unashindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni dharura. Usilale nayo nyumbani mpaka kesho. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuua. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, maana huunguza nyama. Wala usinunue dawa za kuua vijidudu kwa kukisia. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi hutuliza kwa muda, lakini hakuondoi chanzo.

LIKITOKA, UFANYEJE?

Litoe kinywani taratibu usije ukalimeza au kupaliwa nalo. Lioshe, liweke katika kikopo safi chenye kifuniko, ulipeleke kwa daktari wa meno mapema iwezekanavyo. Usilitupe hata kama limechafuka. Wakati mwingine meno nguzo huwa bado mazima, na linaweza kugandishwa tena. Endelea kupiga mswaki taratibu kwenye meno yaliyochongwa, na tafuna upande mwingine.

Nakusihi, usiligandishe mwenyewe kwa gundi ya viatu au gundi kali ya dukani. Gundi hizo hudhuru nyama za kinywa, na daraja likikaa upande kidogo linaweza kuvunja nguzo zake. Pia jihadhari na mafundi wa mitaani wanaopachika meno kwa plastiki na waya bila mafunzo. Wanafunika uchafu na usaha chini, nawe unafurahi kwa mwezi mmoja. Nchi yetu imekuwa ikisomesha madaktari wa meno pale Muhimbili tangu mwaka 1979. Uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa; hapa kwetu, anzia Kitete. Kama kazi yako haiwezekani hapo, watakuelekeza mahali pa kwenda.

TUSIONE HAYA

Nirudi kwa yule mama. Kesho yake nilimsindikiza kwa daktari. Jino nguzo moja lilikuwa limekatika hadi chini ya ufizi, likang'olewa. La pili lilikuwa limeanza kuoza, likazibwa na kupona. Daraja lile halikuweza kurudi. Sasa anavaa meno ya bandia ya kuvua, ambayo huyatoa usiku na kuyaosha.

Njiani nilimwuliza kama aliwahi kuambiwa habari za uzi. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Walinipa, sista. Lakini nyumbani tuko wengi, wakwe na wajukuu. Ningesimamaje uani na uzi mdomoni, watu waulize bibi anafanya nini? Nikauficha sandukuni."

Maneno hayo yalinichoma kuliko lile jino jeusi. Mama huyu hakuwa mzembe. Alificha pengo lake, kisha akaficha daraja lake, mwisho akaficha hata uzi ambao ungemwokolea vyote viwili.

Kwa hiyo naomba tusaidiane. Binti unayemlipia mama yako daraja, mlipie na uzi, tena ukae naye mpaka auzoee. Mkamwana ukimwona mama mkwe anasafisha kinywa chake, mpe kioo na nafasi, usimcheke. Nasi tulio katika vikundi vya akina mama, tunapofundishana lishe na malezi, tuyazungumze na meno bila aibu. Binti yake alipoambiwa ukweli hakukasirika kama mama alivyoogopa. Aliuliza tu, "Kwa nini hukuniambia, mama?"

Nawe msomaji mwenye daraja, usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, chukua kioo na uzi. Pitisha chini ya daraja, kisha unuse uzi huo. Kama una harufu, usihuzunike. Umegundua mapema, na nguzo zako huenda bado ni imara. Safisha tena kesho, na kesho kutwa, na wiki hii upange siku ya kumwona daktari.